Umbea wa Mzee Kimya

Jumatatu, 3 Machi

Mvua bado, lakini mafundi wa paa wamekuja kuangalia ile kona inayovuja juu ya meza yangu. Wameitazama, wametikisa vichwa, wameondoka. Nimesogeza meza mwenyewe. Sasa natazamana uso kwa uso na Mzee Kimya.

Bosi amenipa kazi ya msimu mzima. Vile visanduku vyetu vinavyokaa juu ya friji za chanjo kwenye zahanati, vinavyopima joto na kututumia habari hapa ofisini kwa redio, sasa vinatakiwa viwe na king'ora. Ilivyo leo, friji ikipata joto, habari inatufikia sisi kwanza, halafu sisi ndio tunapiga simu zahanati. Simu isipopokelewa, tumekwama. Bosi anataka kisanduku kipige kelele palepale kilipo. Shida ni kwamba hakuna nafasi. Kumbukumbu ya kisanduku imejaa pomoni, na kilichoijaza ni umbea.

Umbea ndilo jina letu la zile jumbe ambazo programu inaandika ikiwa kazini, ili siku ikikwama, fundi ajue ilifika wapi. Kwenye zahanati umbea huzimwa, hakuna anayeuona, ila maneno yenyewe yamo ndani na yanakula nafasi. Leo nimehesabu kwenye kiendeshi cha redio peke yake, ile sehemu inayoiamrisha redio izungumze: jumbe mia sita na kumi na moja. Zote za mtu mmoja, aliyezianza miaka tisa iliyopita. Ndiye huyu ninayetazamana naye.

"Punguza," Bosi kaniambia. "Mvua zikiisha niwe na king'ora. Na umwambie mwenyewe kwa adabu, maana anastaafu Mei na sitaki aondoke na kinyongo."

Nimemwambia kwa adabu. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Sawa." Kwa Mzee Kimya hiyo ni hotuba.

Jumanne, 4 Machi

Maneno ya Mzee Kimya leo: "Marahaba." "Chai." "Kesho." Matatu, nimeyahesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nne nasoma umbea wake na nimeanza kushuku kwamba tunaishi na mtu tusiyemjua. Huyu ambaye hapa ofisini ukimsalimu unaona umemsumbua, ndani ya programu hafungi mdomo. Nanakili kama ilivyo:

"Nabisha hodi kwa redio."
"Haijaitika. Labda bado imelala."
"Nabisha tena, kwa upole."
"Imeitika. Ahsante, mama."
"Natuma joto la friji. Safari njema."

Hiyo yote ni kuwasha redio yenye ukubwa wa ukucha. Tena ana njia saba tofauti za kuandika umbea, kila moja ya zama zake. Njia ya kwanza inaweka saa mbele, ya pili inaweka saa nyuma, ya tano haiweki saa kabisa na ya sita inaita ya tatu. Kazi yangu ni kuzifanya saba ziwe moja, na mia sita ziwe chache.

Nimemsimulia mume wangu. Yeye ni fundi cherehani, na ukimuuliza ni saa ngapi anaanza na habari za mtu aliyemuuzia saa. Amecheka mpaka kaacha pindo. "Kumbe ni mwenzangu," kasema. "Ila mimi najua pa kusemea."

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Nimefuta themanini. Kila ninapofuta namtazama Mzee kama mwizi anavyomtazama mwenye nyumba.

Jumanne, 18 Machi

Nimepekua historia ya mabadiliko, kule ambako kila aliyegusa programu anaacha alama na tarehe. Kila mwaka, mvua zinapoanza, Mzee Kimya ameingia na kubadilisha maneno tu. Hakurekebisha kosa lolote wala kuongeza kitu. Mwaka juzi kwenye sehemu inayopima nguvu ya redio aliandika, "Nasikia kwa shida. Mvua imeanza huko?" Mwaka jana akaigeuza: "Nasikia kwa shida. Mvua imeanza huko? Hapa mawingu tu. Usisahau mwavuli."

Mtu mzima anaikumbusha friji mwavuli. Nimeitia alama ya kufutwa.

Jumatano, 19 Machi

Jana jioni nimepata wazo, na leo nimejisifu nalo siku nzima. Badala ya sentensi, kila ujumbe uwe herufi na tarakimu. "Haijaitika, labda bado imelala" inakuwa R2 14. "Nimebaki na betri yangu tu, hebu angalia waya wa ukutani" inakuwa P3 01. Maana zake tunaweka hapa ofisini kwenye jedwali. Nafasi inarudi yote, njia inabaki moja, na king'ora kinaingia na kubakiza. Bosi kanishika bega. Mzee Kimya kasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akanirudishia.

"Umeona tatizo, Mzee?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. "Ni safi," akasema.

Jumatatu, 24 Machi

Toleo jipya linajaribiwa kwenye zahanati moja kabla ya kusambazwa. King'ora chenyewe bado, vipaza sauti havijafika, ila umbea mpya uko tayari. Bosi kachagua zahanati ya ng'ambo ya mto kwa sababu redio yake ndiyo ya kwanza kabisa kufungwa.

"Si ile," Mzee kasema.

Sote tuligeuka. Bosi akamuuliza kwa nini. Mzee akaanza kusafisha miwani, akaisafisha muda mrefu sana, na Bosi akachoka kusubiri. Tumetuma toleo mchana, kwa redio hiyohiyo, na limepokelewa bila kosa.

Alhamisi, 27 Machi

Simu kutoka ng'ambo ya mto, nesi wa chanjo. Sauti ya mama mtu mzima, haina haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nauliza, yule anayeandika kwenye kioo amekwenda wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu. Kisanduku chake kina kioo kidogo ubavuni, na tangu kifungwe, miaka tisa, kioo kinamwandikia. Sasa tangu Jumatatu kinasema R2, kinasema T5. "R2 ni nini?"

Nimeruka kwenda kutazama kumbukumbu za ufungaji. Ni kweli. Visanduku vyote umbea umezimwa isipokuwa hicho kimoja. Mzee Kimya alikifunga mwenyewe, akaunganisha kioo cha majaribio, akarudi ofisini, na kwenye fomu kaandika, "Nimesahau kuzima." Hakurudi kuzima.

Nikamwambia nesi asiwe na wasiwasi, herufi hizo ni za kwetu mafundi, yeye azipuuze tu.

"Haya," kasema. "Lakini nimezoea kuambiwa."

"Ilikuwa ni mashine tu, mama."

"Najua ni mashine, sikuzaliwa jana. Lakini mashine haijui mwavuli. Kuna mtu aliyeandika mwavuli."

Nilipokata simu Mzee alikuwa amesimama dirishani na kikombe kisicho na chai.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mvua. Ndoo ya kwanza imejaa, tumeweka ya pili.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika nikiwa nimetoka kulia, kwa hiyo daftari litanisamehe mwandiko.

Leo ilikuwa siku ya chanjo ng'ambo ya mto. Saa mbili asubuhi ukuta wa chumba cha friji ulilowa na swichi ya chumba hicho ikajizima. Kwingine taa zilikuwa zinawaka, hakuna aliyejua. Friji ikafa kimya, huku inafunguliwa kila dakika chache, maana kina mama walikuwa foleni. Kisanduku kikahamia kwenye betri yake na kikafanya kazi yake vizuri kabisa. Kikatuma habari kwetu, na kikaandika kwenye kioo.

Tulipiga simu mara kumi na moja. Simu ya nesi ilikuwa kwenye mkoba, na mvua juu ya bati ilikuwa haimwachi mtu asikie kitu. Mpaka saa nane mchana, alipotia mkono kwenye rafu ya juu na kukuta chupa zina joto la mkono wake.

Zimetupwa zote. Watoto thelathini na mmoja wamerudishwa nyumbani mgongoni kwa mama zao, kwenye mvua, bila chanjo.

Alinipigia mwenyewe saa kumi, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kile kioo kiliandika kitu asubuhi yote. Nimekiandika kwenye karatasi ili nikuulize. P, tatu, sifuri, moja. Ni nini?"

Nimebaki na betri yangu tu, hebu angalia waya wa ukutani. Ndiyo maana yake. Yaliyokuwa maneno ambayo mtu yeyote anayejua kusoma angeyasoma, mimi nikayafanya mafumbo, nikaweka ufunguo wake kwenye jedwali ofisini, kisha nikamwambia ayapuuze. Nilimwambia yote hayo. Akasema, "Haya, mwanangu. Umekosea, sema na Mungu wako, kisha unirekebishie." Kisha akaenda kufunga zahanati.

Bosi kasema kosa ni la wote tuliosoma. Si kweli na yeye anajua. Nimekaa mezani mpaka wengine wameondoka. Mzee Kimya hakuondoka. Akavuta kiti, akakaa upande wangu wa meza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Niliona," kasema. "Ile siku ulipoleta kurasa. Niliona kwamba yeye hataelewa. Nikasema ni safi, kwa sababu ningesema jingine ningeulizwa nimejuaje kama anasoma." Akatazama mikono yake. "Kosa lako ni la kazi. Langu ni la uoga. Langu kubwa zaidi."

Nilimhesabia maneno kwa mazoea na nikaona haya. Halafu nikamuuliza alijuaje kama anasoma.

"Mwaka wa kwanza kioo kiliandika kwamba redio inasikia kwa shida, kuna kitu katikati. Dakika mbili baadaye ikasikia vizuri. Kesho yake tena. Nikajua kuna mtu anasoma, anasogeza lile kabati la chuma la kando ya friji." Kidogo akatabasamu. "Nikaandika 'ahsante, mama.' Zamani haikuwapo."

Mkewe alifariki mwaka mmoja kabla ya hapo. Hilo nalijua kwa Bosi, si kwake.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemrudishia nesi maneno yake ya zamani kama yalivyokuwa. Ofisi nzima tulisimama nyuma ya kiti changu tukitazama redio. Saa nne na robo ilisikia kwa shida. Saa nne na dakika kumi na saba ikasikia vizuri.

"Kabati," Mzee kasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Lakini kuwarudisha wote kwenye jumbe mia sita na kumi na moja si jibu. Zahanati nyingine zote hazina neno wala king'ora, na mvua haijali. Leo Mzee Kimya amechapisha umbea wote, kurasa ishirini na mbili, akatoa mkasi kwenye droo. Tumekata ujumbe mmoja mmoja, siku nzima, tukitenga.

"Huu wetu," anasema, anaweka kushoto. "Wetu. Wetu. Huu wa nesi." Anaweka kulia.

Wetu ni ule wa kujua programu imefika wapi. Huo hauhitaji sentensi, na tarakimu zangu zinautosha, tena mwingi wake hautakiwi kabisa. Wa nesi ni ule ambao mtu aliyesimama mbele ya friji anaweza kuufanyia kitu: sogeza kabati, angalia waya, funga mlango. Huo unabaki kwa maneno kamili, na unatakiwa uonekane kwenye kila kisanduku, kila zahanati. Jambo dogo namna hiyo, na mimi niliyesomea nilishindwa kuliona.

Kulia zilifika kumi na tisa. Lakini kulikuwa na vikaratasi vingine ambavyo hakuviweka kushoto wala kulia. Alivisoma, akavikunja, akavitia mfuko wa shati. Niliona kimoja kabla hakijakunjwa. Ni cha mwavuli.

Sikuuliza. Nina adabu zangu kidogo.

Jumatano, 16 Aprili

Chanjo mpya zimefika ng'ambo ya mto. Watoto ishirini na tisa wamerudi. Wawili nesi amewafuata nyumbani kwa miguu, kwenye tope. Alinipigia kuniambia idadi, maana alijua naisubiri.

Jumatano, 23 Aprili

Njia saba zimekuwa moja. Nilifuta ile ya sita inayoita ya tatu, na Mzee akapiga makofi mara mbili, taratibu, kama yuko kwenye harusi ya watu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mume wangu kaja kunichukua kwa sababu ya mafuriko ya barabarani, akamkuta Mzee. Akaongea dakika arobaini bila kupumua. Mzee alimsikiliza kwa makini. Mwishoni akamuuliza, "Unaanzaje?"

"Naanza nini, Mzee?"

"Kuongea."

Mume wangu alilitafuta jibu kwa sauti njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumatano, 30 Aprili

Vipaza sauti vimefika, pamoja na vioo vya zahanati nyingine zote. King'ora kinaingia, na nafasi imebaki. Tumejaribu ofisini na fundi viatu wa chini kapanda ngazi kuuliza nani kafa.

Jumanne, 6 Mei

Toleo jipya linakwenda zahanati zote. Lakini visanduku vinatakiwa vifungwe vipaza sauti na vioo kwa mkono, kwa hiyo lazima mtu aende kila mahali. Bosi aligawa safari. Alipofika kwenye ng'ambo ya mto alinitazama mimi. Nikasema nina mafua.

"Huna mafua," Mzee kasema.

"Nitakuwa nayo Ijumaa ijayo, Mzee. Nahisi yanakuja."

Bosi, ambaye si mjinga, akaandika jina la Mzee na kufunga daftari.

Baadaye Mzee alinifuata kwenye ndoo. Alikuwa amekasirika kweli, macho yamekuwa mekundu. "Ukifuta yale maneno ya mwavuli, hatajua ni nani," kasema. "Yatakwisha tu, kama mashine iliyoharibika. Ni afadhali."

"Sijayafuta, Mzee. Ni kazi yako, ufute mwenyewe. Lakini nesi ameshajua kuna mtu. Ameniuliza Machi, na sikumjibu, na hiyo ni mara ya pili namnyima jibu mama yule. Ya tatu sitaki."

Akasimama pale mpaka tone likamwangukia begani. Nampenda huyu mzee. Mwezi wa tatu nilikuwa namhesabia maneno ili nicheke nyumbani, na sasa roho inaniuma akinyamaza.

Ijumaa, 9 Mei

Kazi ndogo. Nimepandisha toleo. Umbea wa kiendeshi cha redio: kumi na tisa za maneno, thelathini na tatu za tarakimu. Mwenye zile nyingine amezifuta mwenyewe saa tano asubuhi. Kwenye maelezo ya badiliko kaandika, "Si mahali pake."

Jumatatu, 12 Mei

Saa tisa mchana king'ora kimelia kwenye zahanati ya kilimani, umeme umekatika, msafishaji akasoma kioo, akaita nesi, chanjo zikahamishiwa kwenye boksi la barafu. Sisi tumepata habari wakati wamekwisha kumaliza. Bosi kanunua soda.

Alhamisi, 15 Mei

Mzee alimletea mume wangu suruali apunguze pindo. Mume wangu kasema ni nzuri, ya siku nyingi, imekunjwa vizuri, ina harufu ya sabuni ya kabatini. Hakumtoza chochote na, anaapa, hakumwambia neno. Siamini hilo la pili.

Ijumaa, 16 Mei

Jua. Mafundi wa paa wamekuja, sasa ambapo hakuna mvua, na wanapiga misumari kwa bidii.

Mzee aliondoka saa mbili asubuhi na begi la vifaa. Kufunga kipaza sauti ni kazi ya nusu saa. Saa nne hajarudi. Saa sita hajarudi. Saa nane nimetazama kumbukumbu za ng'ambo ya mto: king'ora kimejaribiwa, kiko sawa, tangu saa tatu na nusu. Bosi akasema nipige simu. Nikasema tusimsumbue. Tukatazamana, tukaendelea na kazi ambayo hakuna aliyekuwa anaifanya.

Saa tisa na robo simu ikalia. Nesi.

"Shikamoo, mama. Mzee wetu amefika salama?"

"Amefika. Kafunga, kajaribu, watoto wamelia wote. Halafu katoa vikaratasi mfukoni. Kasoma cha kwanza, sauti inatetemeka. Cha pili nikamwambia, weka hivyo chini, vyote nilishavisoma, sema kipya." Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamume, inaeleza kitu, inapanda na kushuka, inacheka peke yake. Sikuitambua. "Basi akasema kipya. Mwanangu, chupa zangu nimezihesabu mara tatu na kila nikifika arobaini ananipoteza. Hebu niambie, ninyi mnaomjua, huyu huwa ananyamaza saa ngapi?"

Bosi alikuwa ameweka sikio karibu na simu. Niliona machozi yanamlenga, na chozi langu lilikuwa limeshaanguka juu ya daftari.

"Hatujui, mama," nikasema. "Hapa kwetu hajawahi kuanza."